Mwongozo kamili wa kupanga mzunguko wa maji kwenye sampu ya akwariamu ya matumbawe

Ukimuuliza mtu anayefuga matumbawe pampu yake inasukuma lita ngapi kwa saa, mara nyingi atakutajia namba ya kwenye boksi. Ile namba imepimwa pampu ikiwa haipandishi maji hata sentimita moja, hakuna bomba, hakuna elbo, hakuna kona, kwahiyo ukishaifunga chini ya kabati na maji yakaanza kupanda hadi juu unaweza kubaki na nusu yake tu. Alafu wengi wananunua pampu kwanza, kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, ndo baadaye wanaanza kuhangaika maji yashuke vipi bila kelele na bila kumwagika. Mimi nashauri uende kinyumenyume: panga kwanza maji yatashuka vipi, kisha jiulize umeme ukikatika yatakwenda wapi, na pampu iwe kitu cha mwisho kutolea hela. Kwa huku kwetu Dar, Mombasa, Zanzibar, ambako umeme unaweza kukatika saa yoyote bila taarifa, mpangilio huu ndo unaolinda samaki wako na sakafu yako pia.

Kwa ambaye ndo anaanza, mzunguko wenyewe uko hivi. Tenki la juu, lile la maonyesho, lina ovaflo, yaani sehemu ambayo maji yakijaa yanamwagikia humo. Kutoka kwenye ovaflo yanashuka kwa bomba mpaka kwenye sampu, tenki la pili lililofichwa kabatini, ambamo ndo kuna soksi ya kuchuja, skima (kifaa kinachotoa uchafu kwenye maji kwa vipovu), hita na vikorokoro vingine. Chumba cha mwisho cha sampu kina pampu ya kurudisha maji juu. Maji yanashuka kwa uzito wake yenyewe, yanapanda kwa umeme. Na hiki ndo cha kushika kuliko vyote: kinachoshuka hakiwezi kuzidi kinachopandishwa, kwahiyo ukiongeza pampu unaongeza vyote viwili, na bomba la kushuka lisipoweza kulipokea hilo ongezeko maji yanapanda tu kule juu mpaka yavuke kioo.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili hesabu zisiwe hewani. Tenki la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, hilo ni lita 300. Sampu ya sentimita 75 kwa 40 kwa 40, lita 120 ikijaa mpaka juu. Wewe weka vipimo vyako.

Hatua ya kwanza: jua unahitaji lita ngapi

Kwa maji yanayopita kwenye sampu lenga mara 4 hadi 6 ya ujazo wa tenki kwa saa. Kwa tenki letu la lita 300, mara 5 ni lita 1,500 kwa saa, tena lita za kweli zinazofika juu, sio za kwenye boksi. Watu wanakimbilia mara 10 au zaidi wakidhani maji yakipita mengi yatachujwa zaidi, lakini skima ina pampu yake yenyewe na inachukua kiasi chake kilekile, yanayobaki yanaipita tu pembeni. Unachopata kwa hayo ya ziada ni kelele, vipovu kwenye tenki la juu, bili ya umeme, na joto, manake umeme karibu wote unaotumiwa na pampu iliyozama unaishia kuwa joto ndani ya maji. Kwenye nyumba ya pwani ambapo sebule inafika nyuzi 30 na unataka maji yakae kati ya 24 na 27, kila wati inahesabika. Ukishuka chini ya mara 3 nako sio kuzuri, utando wa mafuta unaanza kubaki juu ya maji na joto la tenki na la sampu linatofautiana.

Usichanganye hii na mawimbi ndani ya tenki. Matumbawe yanataka maji yanayotembea kwa nguvu, hasa yale magumu yenye matawi, hayo wengi wanayapa mara 40 na kuendelea, wakati ya nyama laini na yale yenye midomo mikubwa yanaridhika na 15 mpaka 25. Mtu wa pwani anaelewa haraka, upande wa nje wa mwamba unaopigwa na bahari hauoti vitu sawasawa na ndani ya wangwa palipotulia, na hata hapo ndani maji ya bamvu hayatembei kama maji mafu. Lakini nguvu hiyo inatoka kwa pampu za mawimbi zilizobandikwa kwenye kioo, ambazo zinakula umeme kidogo sana kwa sababu hazipandishi maji popote. Pampu ya sampu iachie kazi ya kuchuja tu.

Hatua ya pili: ovaflo na urefu wake

Ovaflo ikiwa fupi, maji yanarundikana juu yake na kuingia kwa tabaka nene, ikiwa ndefu yanaingia kwa utando mwembamba, na huo mwembamba ndo unaobeba mafuta, vumbi na uchafu wa protini unaoelea, na ndo unaofungua uso wa maji ili hewa ibadilishane. Kanuni inayotumika sana ni sentimita 1 ya ukingo kwa kila lita 100 za saa. Kwa lita 1,500 unahitaji angalau sentimita 15. Kama ovaflo yako ina meno, meno yanakula karibu nusu ya nafasi, kwahiyo weka sentimita 30. Ukipata nafasi ya kuifanya ndefu zaidi ifanye, sijaona hasara yake.

Meno yasiwe mapana kiasi cha kupitisha samaki mdogo au konokono. Konokono mmoja aliyeingia kwenye bomba anatosha kuziba kila kitu, kwahiyo hata kwenye mdomo wa bomba ndani ya boksi la ovaflo weka kichujio cha plastiki.

Hatua ya tatu: bomba la kushuka, hapa usiwe na haraka

Kuna njia tatu zinazojulikana.

Durso ni bomba moja lililosimama ndani ya ovaflo, kichwani lina kona na kifuniko chenye tundu dogo la hewa. Maji na hewa vinashuka pamoja. Ni rahisi, ila kwa bomba la inchi moja ukizidi lita 1,200 hivi kwa saa linaanza kunguruma na kutema, na vipovu vinamwagwa kwenye sampu. Ubaya mkubwa ni kwamba likiziba hakuna njia nyingine ya maji kushuka.

Herbie ni mabomba mawili. La kwanza linajaa maji tupu bila hewa, linavuta kwa sifoni, na chini lina valvu ya kulipunguza. La pili ni la dharura, mdomo wake uko juu kidogo ya usawa wa maji, siku zote linakaa kavu au linapitisha kamchirizi kembamba tu. Sifoni kamili ina nguvu ajabu, bomba la inchi moja lenye mteremko wa mita moja linaweza kuzidi lita 3,000 kwa saa, na linafanya kazi kimyakimya kwa sababu hakuna hewa ndani.

BeanAnimal ni mabomba matatu: la sifoni lenye valvu, la wazi linalobeba mabaki kidogo, na la dharura. Uzuri wake ni kwamba lile la wazi lina kimrija cha hewa ambacho ncha yake imewekwa juu ya maji ndani ya boksi la ovaflo. Sifoni ikiziba maji yanapanda, yanafunika ncha ya kimrija, hewa inakatika, na bomba la wazi nalo linageuka sifoni lenyewe bila mtu kugusa kitu. Na hilo likishindwa bado kuna la tatu. Kama tenki lako bado halijatobolewa na kuna nafasi ya matundu matatu, chagua hii. Kama matundu ni mawili, Herbie. Durso peke yake mimi ningeikubali kwa tenki dogo tu.

Sasa mambo ambayo ukiyakosea hapa utapata tabu kila siku:

Valvu ya sifoni iwe geti valvu, ile ya kuzungusha mara nyingi, manake unahitaji kurekebisha kidogo kidogo. Bolu valvu ya kugeuza robo mzunguko ukiisukuma kidogo tu imepitiliza. Shida ni kwamba ukienda hadweani ukaomba geti valvu, nyingi utakazoonyeshwa ni za shaba, na shaba ni sumu kwa matumbawe, kamba, konokono na karibu kila kiumbe kisicho na uti wa mgongo. Usiifunge hata kama muuzaji atakuambia imepakwa nikeli. Tafuta ya PVC, agiza kama haipo. Ukikosa kabisa, weka bolu valvu ya plastiki ya inchi moja kwenye bomba kuu, kisha pembeni yake pitisha njia ndogo ya nusu inchi kwa tii mbili na bolu valvu yake ndogo, kubwa unaiweka karibu na kiasi unachotaka na ndogo ndo unayotumia kumalizia. Inafanya kazi vizuri tu.

Bomba la dharura lisiwe na valvu. Kamwe. Na mwisho wake uishie juu ya maji ya sampu, sio ndani, ili siku likianza kubeba maji usikie yakimwagika na ujue kuna kitu kimeziba.

Bomba la sifoni lenyewe lizame kwenye maji ya sampu sentimita 2 au 3 tu. Likizama sana hewa iliyomo haiwezi kusukumwa nje wakati wa kuwasha na sifoni inachelewa kuanza au inakataa kabisa, hapo ndo watu wanalaumu valvu kumbe ni bomba limeenda chini mno.

Kona tumia za nyuzi 45 mbili badala ya elbo moja ya 90 pale inapowezekana, na usilaze bomba la kushuka usawa wa sakafu kwa urefu wowote wa maana, hewa itajificha humo.

Hatua ya nne: umeme ukikatika

Hii hesabu ifanye kwa kalamu kabla hujagundisha bomba hata moja. Pampu ikizima, vitu viwili vinatokea kwa pamoja: maji yaliyo juu ya ukingo wa ovaflo yanaendelea kushuka mpaka yafike kwenye ukingo, na bomba la kurudisha nalo linageuka sifoni, linanyonya maji kutoka tenki la juu kwenda chini mpaka mdomo wake upate hewa.

Tenki letu ni sentimita 120 kwa 50, kwahiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 6. Sampu ni 75 kwa 40, kila sentimita ni lita 3. Mdomo wa bomba la kurudisha ukiwa sentimita 2 chini ya maji, zitashuka lita 12. Ongeza lita 5 hivi za ndani ya boksi la ovaflo na lita 2 za kwenye mabomba, jumla karibu lita 19, sampu itapanda sentimita 6 na kidogo. Kama huwa inakaa na maji ya sentimita 25, itafika 31 au 32, na kioo ni 40, uko salama.

Sasa chukulia mtu kaelekeza mdomo ule chini kwenye miamba, sentimita 10 chini ya maji. Hizo ni lita 60, sampu inatakiwa ipande sentimita 20 bila hata kuhesabu maji ya kwenye mabomba, 25 na 20 ni 45, kioo ni 40. Maji ya chumvi yako sakafuni, labda na kwenye ekstensheni, na imetokea saa nane usiku wewe umelala.

Kwahiyo mdomo wa kurudisha ukae karibu na uso wa maji. Ukitaka uhakika zaidi toboa tundu la milimita 5 au 6 kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo tu ya usawa wa maji, ili maji yakishuka kidogo linyonye hewa na sifoni ikatike. Hilo tundu linaziba kwa mwani na vikonokono, lisafishe kwa kijiti kila unapobadilisha maji. Chekivalvu, ile ya kuzuia maji yasirudi nyuma, ukitaka weka, lakini usiitegemee, chembe moja ya mchanga au mwani ikikaa pale kwenye kifuniko chake haifungi tena. Hesabu zako zikae sawa kana kwamba haipo.

Kuna upande wa pili ambao watu hawaufikirii: bomba la kushuka likiziba huku pampu ikiendelea. Hapo pampu itanyonya chumba chake cha mwisho mpaka kiishe na yote kuyapeleka juu. Chumba chenye upana wa sentimita 20 kwa 40 na maji yanayonyonyeka ya sentimita 18 ni lita 14 hivi, tenki la juu litapanda sentimita 2 na nusu karibu. Acha angalau sentimita 4 kati ya maji na ukingo wa juu wa kioo na hata hiyo itapita salama. Ndo maana chumba cha pampu hakitakiwi kuwa kikubwa kupita kiasi.

Hatua ya tano: ndani ya sampu

Maji yakiingia yapite kwenye soksi ya kuchuja, ya maikroni 200 inatosha. Soksi iwe na njia ya maji kuruka juu yake ikiziba. Badilisha kila baada ya siku 2 hadi 4, usisubiri izibe, manake uchafu uliokaa humo unaendelea kuoza na kutoa naitreti. Ukijua hutaweza kuzibadilisha hivyo ni afadhali usiweke kabisa, skima itafanya.

Chumba cha skima ndo cha kuheshimu. Skima imeundwa kukaa kwenye kina fulani cha maji, nyingi ni kati ya sentimita 18 na 25, soma karatasi yake, na kina kikipanda au kushuka hata sentimita 2 inaacha kutoa uchafu au inafurika kikombe. Kina hicho kinashikiliwa na kioo cha kizuizi, sio na wewe. Maji yanayopungua kwa mvuke yanapungua kwenye chumba cha pampu peke yake kwa sababu ndo cha mwisho, vyumba vingine vinabaki pale pale. Kwahiyo skima usiiweke kwenye chumba cha pampu hata kama nafasi inakubana.

Kati ya chumba cha skima na cha pampu weka vioo vitatu vya kunasa vipovu: maji yaruke juu ya cha kwanza, yapite chini ya cha pili, yaruke tena cha tatu. Nafasi kati yao sentimita 3 mpaka 4. Kwa sampu ya upana wa 40 na lita 1,500 kwa saa, nafasi ya sentimita 3 inafanya maji yatembee kama sentimita 3 na nusu kwa sekunde, taratibu, vipovu vingi vinapata muda wa kupanda. Ukipitisha lita 4,000 kwenye nafasi ileile yanakimbia zaidi ya 9 kwa sekunde na vipovu vinaburutwa nayo mpaka juu. Mtu ananunua sponji, anabadilisha pampu, anahangaika na mengi, wakati dawa ni kupunguza maji.

Ukiwa na refujiamu ya kufugia mwani wa kuchukua naitreti na fosfeti, ipe maji yake ya pole, lita mia chache tu kwa saa. Yaje kwa tawi la pampu ya kurudisha, usiyagawe kutoka bomba la sifoni, ukigusa valvu ya huko umevuruga usawa wa kila kitu.

Hatua ya sita: sasa ndo ununue pampu

Pima kutoka uso wa maji kwenye chumba cha pampu hadi uso wa maji kwenye tenki la juu. Uso kwa uso, sio kutoka pampu ilipolala. Kabati la sentimita 80 na tenki lenye maji ya 46, ukitoa maji ya sampu ya 25 unapata kama mita 1. Ongeza sentimita 30 mpaka 50 kwa ajili ya msuguano wa mabomba na kona. Kwahiyo tafuta pampu ambayo kwenye mchoro wake wa lita kwa kila urefu wa kupandisha, pale kwenye mita moja na nusu, inatoa lita 1,500 na ziada kidogo. Mchoro huo upo kwenye karatasi ya kila pampu ya maana, usipokuwepo mimi sinunui.

Kama utalisha vitu vingine kwa pampu hiyohiyo, jumlisha: taa ya UV ya kuua vijidudu labda lita 400 kwa saa, riakta ya kaboni (kopo la kaboni linalopitisha maji) 200, refujiamu 300. Kila tawi liwe na valvu yake. UV inataka maji ya polepole, hasa ukilenga vimelea vya samaki, manake vimelea hao wanahitaji kukaa kwenye mwanga muda mrefu kuliko mwani unaoelea.

Chagua pampu ya DC yenye kontrola ukiweza, unaongeza na kupunguza kwa kitufe na inakula umeme mdogo. Ukiwa na ya AC unaweza kuibana kwa valvu upande wa kutolea maji, hiyo haina shida. Upande wa kunyonyea usibane kamwe, pampu itapiga kelele na kuharibika. Bomba la kurudisha liwe saizi moja kubwa kuliko mdomo wa pampu, na karibu na pampu weka yunioni ili uweze kuitoa kwa usafi bila kukata bomba kwa msumeno.

Hatua ya saba: kuwasha na kusawazisha

Jaribu kwa maji baridi ya kawaida kwanza, sio ya chumvi. Gundi ya PVC ikauke saa 24. Nyaya zote zishuke chini ya soketi ya ukutani kabla ya kupanda, ili tone la maji likifuata waya lidondoke chini lisiingie kwenye umeme.

Fungua geti valvu yote. Washa pampu. Utasikia kelele na kugugumia, subiri dakika chache sifoni isukume hewa yote. Kisha anza kufunga valvu robo mzunguko, subiri dakika 10 au 15, angalia maji kwenye boksi la ovaflo yametulia wapi, funga tena kidogo. Unataka yasimame chini kidogo tu ya mdomo wa bomba la dharura, au kwa Herbie yaache mchirizi kembamba unaoingia humo, hiyo inasaidia kumeza mabadiliko madogo. Uvumilivu ndo kila kitu hapa, wanaofunga na kufungua kila baada ya nusu dakika wanashinda mchana kutwa.

Kikitulia, pima maji ya kweli. Chukua ndoo ya lita 10, kinga pale maji yanaporudi, hesabu sekunde kwa simu. Lita 10 kwa sekunde 24 ni lita 1,500 kwa saa. Gawa 36,000 kwa sekunde ulizopata na umeshajua. Andika namba hiyo kwa tarehe, ibandike ndani ya mlango wa kabati.

Alafu fanya majaribio matatu. Zima umeme ukutani, acha maji yote yashuke, weka alama kwa maka pen pale sampu ilipofikia. Washa tena, uone sifoni inajianza yenyewe bila msaada, rudia mara kadhaa. Mwisho ziba bomba la sifoni kwa mkono au kwa kufunga valvu yote, uone bomba la dharura linabeba maji yote peke yake na tenki halifuriki. Lisipoweza, punguza pampu mpaka liweze, hata kama itakulazimu ushuke chini ya ile mara 5.

Alama nyingine weka kwenye chumba cha pampu: kiwango cha juu wakati mfumo unatembea. Usijaze kuzidi hapo, kila lita unayozidisha inakula ile nafasi ya dharura. Na maji yanayopungua kwa mvuke yarudishie maji safi ya RO (yaliyochujwa kwa mashine ya reverse osmosis), sio ya chumvi, kwa sababu chumvi haivukizi, ukiongeza maji ya chumvi kila siku chumvi itapanda kutoka sehemu 35 kwa elfu mpaka matumbawe yajifunge. Kwenye joto letu na feni juu ya sampu, tenki kama hili linaweza kupoteza lita kadhaa kwa siku, kwahiyo kifaa cha kujazia chenyewe sio anasa. Mrija wake uishie juu ya maji, ukizama utanyonya kurudi au kumwaga pipa zima.

Kuutunza

Mdomo wa ovaflo na meno yake pitisha brashi kila wiki. Pampu ya kurudisha loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji kila baada ya miezi mitatu hivi, chokaa inajenga kwenye impela, ile feni ya ndani ya pampu, na pampu inapoteza nguvu polepole mpaka husikii tofauti. Ndo maana ya ile namba kwenye mlango: pima tena kwa ndoo, ikiwa imeshuka kwa robo, aidha pampu imechafuka au mabomba yameota sponji na vikonokono vya mirija ndani. Baada ya kusafisha, sawazisha geti valvu upya, kwa sababu maji yameongezeka.

Skima ukiweza iwekee plagi ya kuchelewesha, iwake dakika 10 au 15 baada ya pampu ya kurudisha. Umeme unaporudi sampu bado imejaa yale maji yaliyoshuka, skima ikiwaka hapo hapo imezama kupita kina chake na itatapika kikombe chote cha uchafu kurudi ndani.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu na una invata ndogo au betri tu, usiipe pampu ya kurudisha. Ipe pampu moja ya mawimbi ielekezwe juu ichemshe uso wa maji, au pampu ya hewa ya betri. Kinachoua kwanza ni kukosa oksijeni, na bakteria wako wengi wanaishi kwenye miamba ya tenki la juu, hao wakipata maji yanayotembea wanavumilia. Sampu inaweza kukaa kimya saa kadhaa. Riakta za kaboni, za kuondoa fosfeti na filta za canister, zile za kopo lililofungwa, hazifanani nayo, maji yamefungiwa humo na vijidudu vinamaliza oksijeni haraka, baada ya saa nyingi yanaanza kunuka yai viza. Umeme ukirudi usiziache ziwake moja kwa moja kwenye mfumo, chomoa mrija wa kutolea, mwaga maji ya mwanzo kwenye ndoo mpaka harufu iishe, ndipo uunganishe tena.